Kiti Mbele ya Televisheni

Mama mkubwa wangu hana simile na mtu anayekatiza mbele ya televisheni. Alikuwa hivyo tangu macho yake yakiwa mazima. Ukisimama kati yake na skrini, hata kama umebeba chai yake mwenyewe, utasikia, "Toka hapo, unaniziba," na usipotoka upesi utarushiwa kandambili. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja kumpima presha jioni moja, akaambiwa avute kiti asubiri matangazo. Akasubiri. Alipomaliza kumpima alibaki hadi mwisho wa sehemu ile, na wiki iliyofuata akaja tena bila kipimo.

Mtu asimcheke. Mama mkubwa alikuwa mpiga pasi katika sehemu ya kufulia ya hoteli, chumba cha chini kisicho na dirisha. Kutwa alisimama kwenye mvuke akinyoosha mashuka ya watu ambao hawakujua kama yupo. Huko kila mtu alimwamrisha: msimamizi, wahudumu wa vyumba, hata mvulana wa kubeba vikapu. Akirudi nyumbani anaoga, anavaa kanga, anakaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mto wa kijani, na ikifika saa moja jioni hakuna wa kumtuma. Ile ndiyo ilikuwa saa yake. Siku za kazi alifuatilia tamthilia ya mjane aliyeachiwa kinu cha kusaga unga, na mashemeji zake watatu wanaotaka afungashe virago. Jumamosi kulikuwa na kichekesho cha wazee wawili wauza viatu vya mtumba, wanaogombania meza moja tangu kichekesho kianze, na Mungu awajalie wasipatane.

Halafu presha ya macho ikamwingia. Ilimwibia taratibu, pembeni kwanza, kisha katikati, mpaka siku akamimina chai nje ya kikombe na hakujua. Daktari akasema yaliyopotea hayarudi. Mimi niliyempeleka ndimi niliyelia. Yeye aliuliza tu kama ugonjwa huo hushuka hadi masikioni, akaambiwa haushuki, akasema basi turudi, tutachelewa.

Jioni ile alikaa kwenye kiti chake kama kawaida, akaniita kutoka kwenye cherehani yangu, maana mimi nashona nguo chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Akaniwekea masharti. Watu wakizungumza, nifunge mdomo. Wakinyamaza, nimwambie kilichopo: nani ameingia, ameshika nini, anamwangalia nani. Maoni yangu nibaki nayo. Siku za mwanzo nilijisahau, nikasema shemeji mdogo ana sura ya mwizi. "Sijakuuliza sura yake," akanijibu. "Mkononi ana nini?" Alikuwa na bahasha. Nilijifunza kuwa macho, na macho hayana ushauri. Asubuhi, wateja wangu waliopitwa na sehemu ya jana walikuwa wakinipita mimi na kwenda kumuuliza yeye, kwa sababu mimi nilieleza yaliyotokea, lakini yeye aliwaigiza mashemeji wote watatu, kila mmoja na sauti yake, na yule mkubwa akampa na kikohozi.

Mwanawe, ambaye kiukoo ni kaka yangu, ni fundi wa friji. Nyumba anaiendesha yeye. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamtukana ukamaliza. Siku moja tukiwa kliniki aliibeba televisheni kutoka sebuleni akaitundika ukutani chumbani kwake, mbele ya kitanda, ili apate kutazama mpira amejilaza. Pale ilipokuwa akaweka redio mpya, ingali ndani ya boksi lake. Aliamini amefanya wema. Nadhani alitarajia kushukuriwa.

Mama mkubwa aliingia sebuleni akipapasa ukuta, akafika kwenye stendi, akanyoosha mkono. Akaligusa boksi. Akaligeuza, akalitikisa, akaliweka chini kwenye sakafu, kisha akapitisha kiganja juu ya stendi yote, polepole, kama alivyokuwa akipitisha kwenye shuka kutafuta mkunjo. Akauliza televisheni iko wapi. Kaka akaeleza kwa upole kwamba sasa redio ndiyo itakayomfaa zaidi, ina vituo vingi, ina taarifa za habari, ina hata michezo ya kuigiza.

"Nimeuliza iko wapi."

"Chumbani kwetu, mama. Lakini huoni. Utakuwa unatazama nini?"

"Tamthilia," akasema. Kisha akageuza uso upande ilikokuwa sauti ya mwanawe. "Macho ndiyo yamekufa, mimi bado nipo. Leo umenitoa mbele ya televisheni. Kesho utanitoa mezani kwa sababu siioni sahani."

Kaka akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa, akasema mama asikuze mambo. Nami nilitaka kuongea, lakini Mama mkubwa alinikanyaga mguu. Hakukosea hata kidole.

Ilipokaribia saa moja, alichukua kiti chake. Nilijaribu kumpokea akanikatalia. Alikiburuta korido nzima, kikigonga kuta kushoto na kulia, akafika mlango wa chumba cha mwanawe, akabisha hodi, akaingia kabla ya kukaribishwa. Kaka alikuwa kitandani na fulana ya ndani, mpira umepamba moto. Mama mkubwa akaweka kiti katikati ya chumba, mbele ya kitanda, akakaa, akarekebisha mto.

"Weka kinu," akasema.

Sijawahi kumwona mtu akitafuta shati kwa haraka vile. Mke wake, wifi yangu, ambaye ni msusi na siku hiyo alikuwa ametoka saluni mapema, alisimama mlangoni na taulo kichwani, asijue aingie au atoke. Mama mkwe chumbani kwako, ameketi wima, anauliza ni nani ameingia. Haya ilijaa chumba kizima isipokuwa pale kwenye kiti. Kaka akaweka kinu. Nami nikakaa sakafuni, nikawa macho.

Kesho yake akaja tena, safari hii na muuguzi wa zahanati. Jumamosi, kwa ajili ya wale wazee wa viatu, alikuja na chai na jirani wa nyumba ya pili ambaye hucheka kwa kupiga chochote kilicho karibu naye, na kilichokuwa karibu naye ni goti la kaka. Kaka alijaribu kila njia ya kistaarabu. Alisema amechoka. Akaambiwa alale, hawatamsumbua. Alisema chumba ni kidogo. Akaambiwa sebule ilikuwa kubwa.

Jumatano akafunga mlango kwa ufunguo.

Mama mkubwa alishika kitasa, akakijaribu mara moja, akakiacha. Nilitegemea hasira. Badala yake aliegemeza kiti kwenye mlango, akakaa, akaweka sikio kwenye mbao. Mimi nikakaa kando yake kwenye korido, sina cha kuona, nimekuwa kipofu kama yeye na mjinga kumzidi. Ndani tukawasikia mashemeji wakifoka. Mjane alikuwa ameitwa mbele ya ukoo, amepewa karatasi, anatakiwa kutia saini na kuondoka. Kaka akapunguza sauti. Mama mkubwa akazidi kubana sikio. Kisha kule ndani kukawa kimya, ule ukimya ambao mimi hutakiwa kusema. Nikamtazama.

Akabisha mlango kwa kifundo cha kidole.

"Nani amenyamaza?"

Akabisha tena, si kwa nguvu, akarudia swali lilelile. Nilimsikia kaka akisema, "Mwache, atachoka." Hapo ndipo nilipotamani mlango ule uwe wa karatasi.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya wifi. "Mjane, mama," ilisema kutoka ndani. "Anamwangalia shemeji mkubwa. Kalamu ameiweka mezani. Funguo za kinu ziko mkononi mwake." Tukasikia miguu, ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka. Wifi hakututazama sisi. Alimgeukia mumewe akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye hawezi kulala chumba ambacho mama mkwe amefungiwa nje, na kwamba kesho televisheni irudi sebuleni au aende nayo kwenye karakana yake, akaitazame na friji.

Kesho yake ikarudi. Kaka aliibeba mwenyewe, mdomo umemfura, akaiweka kwenye stendi. Redio ikaenda kwa muuguzi.

Ijumaa ilikuwa sehemu ya mwisho ya kinu. Tulijaa. Kaka alikuwa bado anahangaika na nyaya, amepiga magoti mbele ya televisheni, hataki kukaa nasi wala hataki kuondoka. Mashemeji walisema yote waliyokuwa nayo, wakanyamaza. Mjane naye alinyamaza. Ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote, na zamu ilikuwa yangu, ila machozi yalikuwa yakinitiririka na skrini siioni tena. Mama mkubwa alisubiri. Alinigusa bega. Sikuweza.

Kaka akasimama, amegeukia skrini.

"Amekaa, mama," akasema, sauti imempasuka kidogo. "Amevuta kiti mlangoni pa kinu, amekaa. Karatasi ameichana. Haondoki."

"Najua haondoki," Mama mkubwa akajibu, na mkono wake ulikuwa umeshashuka kutafuta kandambili. "Sasa toka hapo, unaniziba."

Kaka akasogea haraka.