Anayekuja Peke Yake Atangulie

Habari za kifo cha yule nesi wetu nilizipata stendi ya Sumbawanga, nimejikunyata ndani ya koti nikisubiri gari la Matai. Dereva wa bodaboda anayenifahamu miaka mingi alinisogelea, akanipa shikamoo, kisha akaniambia bila kuzunguka, "Mzee, yule sista wa kliniki ya mama na mtoto ametutoka. Amefia Mbeya, hospitali." Nikamuuliza alikuwa na nani huko. Akasema hajui. Gari lilipofika sikupanda. Nilibaki kwenye benchi nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho tulizungumza lini, na sikukumbuka. Hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kusema tulikuwa marafiki. Alikuwa mtu wa kusalimiana naye njiani, basi. Msomaji wangu, naona aibu kuandika hivyo juu ya mtu aliyeniokolea mtoto.

Mtoto huyo ni binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu mdogo. Mumewe alishuka Kabwe kufuata biashara ya dagaa, akanogewa na ziwa, simu ikawa haipokelewi. Tumbo likafika miezi saba binti hajakanyaga kliniki. Sababu ni kwamba hudhurio la kwanza wanataka uje na mwenzi wako, na asiye naye apitie kwa mwenyekiti wa kijiji aandikiwe barua. Binti hakutaka hata kuisikia barua hiyo. "Baba mdogo," aliniambia, "niende kuomba karatasi ya kusema nimeachwa?" Nami kwa ujanja wangu wa kizee nikamchukua huyohuyo dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye familia yake, awe mume kwa asubuhi moja. Wala msinicheke, wengi huku tumefanya hivyo.

Nesi alimtazama yule bwana, akatabasamu. "Karibu tena, shemeji," alisema. "Huyu sasa ni mke wako wa tatu mwezi huu." Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikageuka kusoma mabango ya chanjo ukutani. Hakutugombeza. Alimruhusu jamaa arudi kwenye pikipiki yake, akamshika binti mkono, halafu akawaambia wote waliokuwa kwenye foleni kwamba kuanzia siku hiyo anayekuja peke yake atangulie, kwa sababu hao ndio wanaochelewa. Mwanamume mmoja akanung'unika kwamba ameacha mahindi shambani ili amlete mkewe, na sasa anarudishwa nyuma. Nesi akamjibu kwa upole, "Wewe mwenzio unaye, baba. Kaeni mpige soga." Utaratibu huo aliushikilia mpaka alipoacha kazi kwa ugonjwa.

Presha ya binti ilikutwa juu sana. Miguu ilikuwa imevimba na kichwa kilimuuma siku kadhaa, naye akidhani ni baridi ya huku kwetu. Nesi akasema anamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, kisha gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya mjini saa hiyohiyo. Mimi, badala ya kushukuru, nikauliza daktari yuko wapi. "Mzee wangu," alisema huku akivuta dawa kwenye sindano, "daktari yuko mjini, na tunamfuata. Lakini haya nimeyasomea, na huyu hawezi kusubiri." Kumbe alikuwa amerudi chuoni akiwa mtu mzima, akasomea ukunga wa ngazi ya juu, na angeweza kubaki jijini kama wenzake. Alirudi uwandani kwetu, mahali ambapo nesi wa namna yake huamua mwenyewe nani abaki na nani akimbizwe, na akikosea hana wa kumtupia lawama. Sisi tuliendelea kumuulizia mkubwa wake. Binti alipona, na mwanawe sasa anakwenda shule.

Alasiri moja nilipita mbele ya nyumba yake jirani na kliniki, nikamkuta kibarazani anachambua maharage. Nikamtania kwamba nyumba yake ina kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Akaniambia, "Mchana kutwa naitwa sista huku, sista kule. Nikishafunga mlango huu hakuna anayeniita kitu chochote." Nilicheka nikidhani naye anatania, nikamuaga, nikaenda zangu. Hata sikukaa.

Msibani walisoma wasifu wake. Walisema hakubahatika kuolewa wala kupata mtoto, na neno hilo lilinikera, maana nusu ya uwanja ule walikuwa akina mama na watoto waliopita mikononi mwake. Baadaye nilimuuliza nesi mwenzake ni nani aliyekuwa akimsindikiza Mbeya kwenye matibabu. "Hakuna, baba," alisema. "Alikuwa anapanda basi la asubuhi mwenyewe. Alisema hataki kusumbua watu."

Tangu siku ile nyumba yangu imekuwa kubwa kupita kiasi. Mimi ni mgane, najua ilivyo kukaa kwenye benchi la hospitali huna hata wa kumwachia mkoba ukaenda msalani. Nilikuwa na namba yake. Asubuhi zile zote alizopanda basi nilikuwa nyumbani, nakunywa uji wa ulezi taratibu, sina kazi yoyote. Basi ninyi mnaonisoma, mkimkuta nesi anayewapokea wagonjwa wenu, msimuulize daktari yuko wapi. Muulizeni yeye akiugua anakwenda na nani. Akisema anakwenda mwenyewe, chukueni koti mwende naye.