Jitu la Mirihi Kaloleni

Juzi niliona picha za Mirihi kwenye simu: vumbi jekundu na mawe, basi. Nikamkumbuka Mwende, jirani yetu Kaloleni, aliyenisomea kitabu cha majitu ya huko tulipokuwa watoto.

"Kwani mwandishi alifika?" nilimuuliza.

"Asingefika, angejuaje yana jicho moja la kioo?"

Hoja hiyo ilinitosha.

Alasiri moja, nyuma ya ukumbi wa mtaa, tulisikia harufu ya chuma kinachoungua. Jitu lenye uso mweusi na jicho moja la kioo lilikuwa limeinama, cheche zikiruka.

"Piga, kabla halijatumaliza!" Mwende alipiga kelele.

Tulirusha mawe manane. Nimeyahesabu mara mbili. Saba ya Mwende yalipita hewani. Langu lililipata jitu shingoni, damu ikachuruzika mpaka kifuani. Likavua uso.

Alikuwa baba yake Mwende. Miaka yote alichomelea vyuma kwa miwani ya jua; siku hiyo ndiyo kwanza aliazima kofia ya kujikinga uso, yenye kidirisha kimoja cha kioo.

"Nani amerusha?"

Mwende alinitazama. "Mimi, baba."

Akavua mshipi. Nilihesabu viboko kumi na viwili, mdomo nimeufunga.

Mpaka leo sijamwambia yule mzee kwamba bintiye hakuwa na shabaha hata kidogo.