Nilibadili saa ya babu wakati anatia udhu

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Naomba jina langu mlifiche. Mtaa wetu wa Mtanda, hapa Lindi, mnaweza kuutaja, kwa kuwa wasichana wa kidato cha tatu tuko wengi. Nina miaka kumi na saba na ninalelewa na babu mzaa mama. Tunaishi wawili tu tangu bibi afariki.

Babu hasikii vizuri. Ukitaka kusema naye lazima upaze sauti karibu na sikio lake, na adhana haimfikii tena ingawa msikiti uko nyuma ya nyumba yetu. Kinachomjulisha wakati wa sala ni saa yake ya mkono, ya zamani, ya kutia ufunguo, yenye kengele ndani. Wakati alioitegea ukifika inanguruma na kutetemeka juu ya mfupa wa mkono, naye huinuka. Saa hiyo alinunuliwa na bibi kwa jasho la kusuka mikeka. Kila anapotaka kutia udhu huivua na kunipa. "Mke wangu, shika amana," husema, maana ndivyo anavyonitania, nami humjibu, "Nimeshika, bwana mzee."

Ramadhani iliyopita saa ilianza kukimbia. Jioni moja ya mawingu ilimtetemekea mapema, babu akatia tende mdomoni barazani mbele ya wenzake, na jua halijazama. Rafiki yake Mzee Nassoro, ambaye naye anapenda sana saa za zamani, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Jamani, mwenzetu ana magharibi yake!" Babu hakusikia maneno, lakini aliona midomo. Kuanzia kesho yake akawa anafuturu ndani, peke yake. Fundi saa aliifungua, akasema chuma kimelika na cha kubadilishia hakipatikani tena.

Siku hizo hizo mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa babu, aliteremka kutoka Dar es Salaam na mzigo wake wa biashara. Tangu bidhaa za nje ziwe ruksa, kila akija huja na kitu kigeni, na safari hii alivaa saa sawasawa na ya babu. Aliniambia wenye kiwanda wameitoa upya, sura ile ile, ila wakusanyaji wa saa huko mjini wameinunia.

"Wanasema hii ina sura, haina umri," alisema huku anacheka. "Wanaitaka ile mbovu ya mzee! We unawaelewa watu hao?" Kisha akaleta shauri lake: nimpe ya zamani akawauzie, yeye aache hii mpya. "Babu yako atafuturu kwa wakati kama watu wengine. Au humwonei huruma?"

Namwonea huruma. Ndiyo maana nilikubali. Babu alipoinamia birika la udhu, amana ikiwa mkononi mwangu, mjomba alihamisha haraka ule mkanda wa ngozi uliochakaa akaufunga kwenye saa mpya. Babu alipomaliza kufuta miguu nikampa. Macho yake yana ukungu, lakini aliona kioo kinang'aa. Nikamwambia nimekisugua kwa dawa ya meno. Alinishukuru.

Tangu siku hiyo saa haijakosea. "Imetubu," babu anasema. Alirudi barazani kufuturu na wenzake, na nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Mzee Nassoro alileta habari kwamba mkwe wake wa Dar es Salaam naye ana ile iliyotoka upya. Babu alicheka.

"Hiyo ni mtoto kavaa kanzu ya babu yake! Hii yangu inanigusa kama marehemu alivyokuwa akinigusa kuniamsha. Hiyo mpya inamjua marehemu?"

Alisema hayo huku anaipapasa. Mimi nilikuwa namimina uji, nikaumwaga mkekani.

"Bwana we, mkwe wangu anakuja likizo mwisho wa mwezi ujao," Mzee Nassoro alimpigia kelele sikioni. "Tutaziweka pamoja tuone ipi bora! Ila nani mwamuzi? Wewe husikii, mimi mbishi."

Babu akaninyooshea kidole. "Huyu. Mkono wake ndio unaoshika amana yangu kila siku. Hata gizani hawezi kuikosa."

Tangu hapo sisomi nikaelewa. Nimejikuta naomba mvua izidi kule Somanga, kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam, basi la huyo mkwe likwame kwenye tope, halafu nakumbuka kwamba ndani ya basi wamo watoto na wajawazito, namwomba Mungu msamaha. Mjomba bado hajaiuza ile ya zamani. Amenitumia salamu kwamba wanunuzi wanavutana naye, na kama naitaka nimwambie mapema. Nikiichukua, Ramadhani ijayo babu atarudi kula kabla ya jua kuzama na kuchekwa. Nikimweleza kweli, nitamwondolea mkono wa bibi alioamini unamgusa. Na nikinyamaza, nitakaa mbele ya wazee niamue kati ya saa mbili mpya, nikijua.

Jana alinipa saa atie udhu, ikanguruma kiganjani mwangu. Akaniona nimeiinamia, akatabasamu.

"Umeisikia, mke wangu? Bibi yako anaita."

Nikamwitikia, "Naam."

Babu ni mtu wa kusamehe, na bado nina matumaini. Nielekezeni, wakubwa zangu: nimrudishie saa inayomdanganya, au nimwachie hii ninayomdanganyia mimi?