Kibao cha Mbao ya Buluu

Kaka yangu alifanya kazi hotelini Mombasa, akarudi nyumbani kisiwani Mfangano na mchezo aliouona kwa wageni. Mtu anavaa kibao kidogo mkononi, ananyoosha mkono mbele, halafu anajilaza juu ya wimbi limpeleke ufuoni. Sisi tuliozoea kuliogopa ziwa tulimcheka. Hata hivyo alitengeneza chake. Mbao aliing'oa kwenye mabaki ya mtumbwi wa buluu uliovunjwa na dhoruba, akaipiga msasa upande mmoja, akafunga kipande cha tyubu ya baiskeli cha kupitisha kiganja.

Mwenye mtumbwi alizama na hakuonekana. Wazee walizika tunda la yago, lile refu la mvungunya, mahali pake, kama tunavyofanya mwili unapokosekana. Mkewe alililia lile tunda.

Alasiri moja tulikuwa majini, mjane akaja kuanua omena wake, dagaa aliowaanika ufuoni. Akasimama.

"Shemeji, hiyo rangi niliipaka mimi."

Kaka alikivua kibao haraka. "Pole sana. Chukua."

"Sitaki kuchukua. Nifundishe."

Hakujua kuogelea. Alijifunga leso kiunoni, kaka akamsimamisha palipomfika kifuani. "Ukisikia linakuinua, jiachie."

Wimbi lilimbeba, likamtua mchangani. Nilimkimbilia nikidhani amekunywa maji. Alikuwa amekaa, kibao kifuani, ametulia kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Mmeona alivyonisukuma?"

"Ni wimbi, shemeji," kaka alisema.

"Wimbi nalijua. Huu ulikuwa mkono. Hapa." Akagusa mgongo, chini kidogo ya shingo.

Tangu hapo alikuja kila upepo wa alasiri ulipoanza. Omena wake walilowa mvua, hajali. Mama mkwe wake alifika kwetu amefura. "Mnampeleka kwa mtu tuliyemzika," alituambia.

Kisha siku moja alipanda wimbi baada ya wimbi, kila mara anatoka akigeuka kutazama nyuma. Mwishowe alitoka, akakivua kibao.

"Leo hakuna mtu," alisema.

Alilia pale pale mchangani, kilio kikubwa kuliko cha siku ya mazishi. Haukupita muda akahamia kwa dada yake mjini Oyugis, akaanza kuuza mboga. Kibao aliniachia mimi. Kaka hakutaka hata kukigusa.

Nilikaa nacho, halafu nikashindwa kujizuia. Niliingia majini peke yangu, jua likiwaka, wanawake wakifua karibu. Wimbi liliponiinua nilisikia kiganja mgongoni, kimefunguka, baridi. Hakikunisukuma. Kilipapasa bega, kikapapasa nywele, kama kipofu anayetaka kujua ni nani. Kisha kikaniacha.

Sijaingia ziwani tena. Nikipita Oyugis mjane huniita kibandani kwake, amenenepa, anacheka na wateja. Huniuliza habari za nyumbani. Namwambia ni njema.