Baba alikuja na njaa akitaka sindano ya panya

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Niko maabara moja huku Bagamoyo. Kazi yangu ni kuwachoma panya sindano ndani ya jicho.

Msinitukane kwanza. Ni panya wanaopofuka tangu wadogo, tunawajaribia dawa. Analazwa kwa nusu kaputi, nachungulia kwenye hadubini, napitisha kisindano chembamba mno hadi chini ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Dawa ikikaa sawa, utando unainuka kama lengelenge. Mkono ukitikisika, jicho la maskini yule limekwisha.

Huwa naanza na bismillahi. Nawahurumia kweli.

Sasa, baba yangu ni mkulima Miono, na retina zake zinakufa taratibu. Anaona katikati tu, kama anachungulia bombani.

Siku moja nilimwambia mama kwenye simu kwamba panya wetu mmoja ameanza kuona. Furaha tu, wala sikufafanua.

Ijumaa nafungua mlango kwangu Mapinga, mzee huyu hapa na mama, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sijala tangu jana, si ndivyo wanavyotaka watu wa upasuaji? Twende."

Wakuu, nilisahau hata kuwakaribisha.

Nikawakalisha, nikasema ukweli. Dawa bado ni ya panya. Kwa watu sijui lini, na huenda yeye isimkute. Mama akageukia ukutani. Nililia mimi, mzee hakulia.

Akauliza, "Huyo panya, anaumia?"

"Analala, baba. Akiamka tunampa dawa ya maumivu."

"Na kweli anaona?"

"Kidogo."

Akaomba chai. Alipomaliza akasema, "Kesho ukiingia kazini tuliza mkono. Yule naye anataka kuona."

Nilichojifunza: habari njema ya maabara, ukimpa mgonjwa wako, mpe na umbali wake palepale. Usimwache aoge, avae na afunge safari ndipo umwambie.

Mliowahi kumvunja mzazi moyo namna hii, mlimwambiaje? Nawasoma.

Ila mahindi ya mwaka huu sijui kama yatabaki. Mama kanipigia analalamika, mzee kaondoa mitego yote ya panya ghalani.