Nani Aliweka Kiwango cha Uuguzi?

"Mwanangu, nani kaiweka hii alama?"

Bi Rehema, fundi wa kushona, aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kompyuta pale Likoni ambako waliomaliza kidato cha nne walikuja kuchagua kozi za chuo kikuu. Nilikuwa na digrii na mdomo wa kuhoji kila kitu, lakini hilo lilinishinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta hujumlisha alama za masomo manne ambayo kozi inayataka. Tuliziita alama za klasta. Kando yake huonyesha kiwango cha mwaka jana, yaani alama ya kuingilia kozi hiyo. Bintiye Bi Rehema, Mwanasha, alitaka uuguzi, na alikuwa chini ya kiwango kwa nukta chache.

"Chini ya hapo hapapitwi," alisema Meneja wa duka. "Mama, aandikiwe ualimu. Siku hizi ualimu hauna wenyewe."

"Ualimu siutaki," Mwanasha akadakia. "Wallahi nitawapiga watoto wa watu."

"Nani kasema hapapitwi?" nikauliza.

Meneja akanigeukia. "Wewe umeajiriwa kuuliza ama kuchapa?"

Nikachapa, lakini nikafungua viwango vya miaka ya nyuma. Uuguzi ulikuwa ukipanda tangu watu wasikie kwamba wauguzi wanaitwa ng'ambo. Ualimu ulikuwa umeshuka, na masomo yake hayajawa mepesi. Nikawaambia nilichokiona, kwamba kiwango hupanda na kushuka, na hatari yake pia: akikosa uuguzi, atasukumwa kokote kwenye nafasi iliyobaki, hata kozi asiyoijua jina.

Bi Rehema alimtazama bintiye. "Wasemaje?"

"Uuguzi, mama."

"Haya, mwandikie. Uamuzi ni wetu, usije ukalaumiwa."

Meneja akasonya.

Baadaye alinihamishia tawi la Changamwe, chini ya Msimamizi mpole aliyeniacha niulize nitakavyo. Nilikuwa huko majibu yalipotoka. Simu ikalia, nikasikia vigelegele kabla ya salamu.

"Dada, nimepata! Uuguzi!"

Nilijitupa kitini, mikono kichwani. Msimamizi akadhani nimefiwa. Nilipompigia Meneja, alisema tu, "Bahati hiyo," kisha akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

Kazi hiyo nimeiacha. Wanafunzi sasa huchagua kwa simu zao, nami nashukuru, maana kushika hatima ya mtoto wa mwenzio kwa ncha ya kidole kunachosha. Nyinyi mnaochagua sasa, ulizeni, hata mkisonywa.

Miaka mingi ilipita ndipo ofisa mmoja wa udahili aliponieleza kwamba alama ile haiwekwi na mtu. Nafasi zikijaa, alama za mwanafunzi wa mwisho kuingia ndizo hutangazwa kuwa kiwango. Nikaenda kulinganisha, nukta kwa nukta. Kiwango cha uuguzi tulichowasomea watoto mwaka uliofuata, wengine wakatoka wanalia, kilikuwa alama za Mwanasha.