Matusi ya Baba ya Mapasa

Siku ya Mardi, ku biro ya kuhesabu batu hapa Kolwezi, karani alikuwa anatuandika kabila kwa kabila. Tata mumoja wa Kasai akamuambia, "Andika batoto babili. Ni mapasa, balizaliwa pamoja."

Mulongo wote wa batu benye kungoya ukaanza kumuimbia matusi, bamama Balunda, Babemba, hata muchuuzi wa Maniema, kila mutu na luga yake.

Agent muzungu, mukubwa wa karani, akaona ni vita. "Fukuza huyu tata!" Bila kuandikwa, batoto habatapata maziwa yenye biro inagawa.

"Pardon, Monsieur," karani akasema. "Baba ya mapasa tunamutukana juu ya furaha. Kwa hii, makabila yote iko moja."

Agent akapiga stempu mara mbili.

Mi, mwenye diplome bila kazi, nikatukana kwa français safi, macho kwa agent. Tata, akizani ni yake, akanishukuru.